Ukuta Wenye Unene wa Mtu Mmoja

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema "mimi" isiyo yangu. Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani. Mshtakiwa akisema kwa lugha ya kwao, "Mimi ndiye niliyemkata," nami husimama kando ya kizimba, nikamtazama hakimu usoni, nikasema, "Mimi ndiye niliyemkata." Kazi inataka hivyo. Mkalimani hasemi "anasema kwamba". Husema kana kwamba yeye ndiye mwenyewe. Nimekiri mauaji matatu, wizi wa ng'ombe nisioweza kuuhesabu, uchawi, talaka, na mara moja nilikuwa mama aliyemsamehe mtu aliyemuulia mwanawe. Nikirudi nyumbani nilikuwa nanawa mdomo kabla ya mikono. Sikuwahi kujiuliza kama ndani yangu kuna mtu anayeyasikiliza maneno yale yote na kuyaamini.

Siku ya sita wodini, saa nne kasoro asubuhi, Daktari Mbaruku alisimama miguuni pa kitanda changu akiwa na faili mkononi.

"Bi Sikudhani, tangu jana umekwenda chooni mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zote na damu?"

"Zote."

Akavuta kiti, akaketi. Daktari anayeketi huwa amebeba jambo. Nilishawaona mahakimu wakifanya vilevile: hukumu nyepesi husomwa kwa haraka, na nzito hutanguliwa na kurekebisha miwani.

"Nitakwambia kwa maneno ya kawaida," alisema. "Tumetafuta mdudu hatukumpata. Hakuna amiba, hakuna taifodi, hakuna minyoo. Utumbo wako mpana unawaka kwa ndani, na wanaouchoma ni askari wako mwenyewe, walinzi wa mwili."

"Kwa kosa gani?"

"Hilo hatulijui sawasawa. Tunachojua ni kwamba seli za utumbo zinazungumza. Hazina midomo, lakini zinapelekeana neno. Moja inalitoa, nyingine ina mahali pa kulipokea, kama kufuli na ufunguo wake. Lipo neno la kuwaamsha askari, na lipo la kuwatuliza. Mwenye afya anayo yote mawili, yanabishana ndani yake kutwa kucha, naye wala hana habari. Kwako la kuamsha linapigiwa mbiu bila kukoma. La kutuliza ama halisemwi, ama linasemwa na hapana alisikiaye."

Nikamtazama yule mtu mpole aliyekuwa akinieleza mimi kwa mimi.

"Saa sita mchana tutakutundikia dripu nyingine," akaendelea. "Dawa hii inalikamata neno la kuamsha njiani, kabla halijafika. Kesho saa nne nitarudi. Damu ikiwa imepungua, tutaendelea. Nikikuta hivi hivi, tutautoa utumbo wote mpana siku hiyo hiyo. Siwezi kungoja zaidi. Ukitoboka, nitakupoteza."

"Na dawa ikishalikamata neno, hao askari watatulia?"

Akafunga faili. "Dawa inazima kelele tu. Kutulia ni kazi ya mwili wenyewe."

Akanipa karatasi ya ridhaa ya upasuaji. Ilianza hivi: *Mimi*, halafu nukta nyingi, halafu *nakubali*. Nikaandika jina langu juu ya zile nukta, mbele ya lile *Mimi*. Nilikuwa nimesema neno lile mara elfu mbele ya mahakimu, na leo kwa mara ya kwanza lilinitaka mimi.

Saa sita dripu ikatundikwa. Homa ilikuwa thelathini na tisa nukta nne. Niliyaona matone yakianguka, moja, kimya, moja, kimya. Sikulala. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu waliniambia nililala. Nilifuata tone moja kwa macho mpaka lilipoingia mshipani, na macho hayakusimama pale ngozi ilipoanzia.

*

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wa mwanamke.

Kulia kwake alisimama mwingine, na kushoto mwingine, bega kwa bega, mikono imeshikana vidole ndani ya vidole. Safu yao ilikwenda mpaka macho yangu yalipochoka, ikapinda, ikajikunja, ikarudi, kama pindo la nguo lisilo na mwisho. Hapakuwa na jiwe wala tofali. Ukuta wa mji ule ulikuwa watu, na unene wake ulikuwa mtu mmoja. Nuru ilikuwa nyekundu, isiyotoka jua lolote. Ardhi ilikuwa na joto, na kila baada ya muda iliinuka na kushuka chini ya nyayo zangu kama kifua cha mtu aliyechoka.

"Wewe ni mgeni," mwanamke alisema bila kugeuka. Watu wa ukuta hawageuki.

"Mimi ni mkalimani."

"Basi ndiwe mjumbe tuliyekuwa tunamngoja. Aliyekutangulia ameungua. Mimi naitwa Riziki, wa pindo la tatu la ukuta. Weka kiganja chako mgongoni kwangu, upate kunisikia vizuri."

Niliweka. Neno lake halikupita hewani. Liliingia kiganjani, likapanda mkono, likafika mahali ambapo maneno ya watu huwa yananikalia.

"Una umri gani, Riziki?"

"Siku tatu. Ya nne naachia, na mwenzangu anapanda kutoka shimoni, chini ya ukuta, kushika nafasi." Alilisema kama mtu anavyosema kesho ni Ijumaa. "Kufa si taabu. Taabu ni kufa kabla mwenzangu hajapanda. Hapo ndipo panapobaki mwanya."

Mbele yake, upande ule alioutazama maisha yake yote, nilisikia uvumi. Haukuwa wa upepo. Ulikuwa wa viumbe.

"Ni nani hao?"

"Umati. Ni wengi kuliko sisi sote."

"Ni maadui?"

Riziki alicheka, na kiganja changu kikasisimka. "Majirani. Sisi tunawapa makapi tusiyoweza kuyala, wao wanayapika, wanaturudishia mkate. Kwa mkate huo ndiyo nasimama. Lakini jirani, mjumbe, ana mahali pake. Akikuangukia sebuleni ghafla utapiga ukelele, hata kama jana mlikula pamoja. Ukelele si chuki."

Nilitaka kumuuliza kama anajua yuko ndani ya nani. Nikajizuia. Na mimi je, najua? Mtu hujiona mmoja kwa sababu tu wanaombeba hawageuki wakamwonyesha nyuso zao. Tunasema "nimeshiba", na hapo watu elfu wameshikana vidole kutukinga na kile tulichokula. Tunasema "ninaumwa", na kumbe kuna mji umechukua uamuzi bila kutuita kikaoni. Nani basi ndiye mwenye neno, mimi niliyetia saini kwenye karatasi, au hawa waliosimama bila kutakiwa ridhaa?

Kushoto kwa Riziki, mwanamke mmoja aliyumba. Vidole vyake vilifunguka kidogo, kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto mchanga. Kitu kikaanguka ndani. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, kimepigwa na butwaa, kama mtu aliyeingia harusini akakuta si harusi aliyoalikwa.

Mgongo wa Riziki ukawa mgumu kama ubao. Neno likanipiga kiganjani.

"Mimi naumia! Leteni moto!"

Nami nikakimbia. Ndiyo kazi niijuayo.

*

Kambi ilikuwa bondeni. Askari walikuwa wamekaa chini kwa maelfu, magoti kifuani, mienge haijawashwa. Kila mmoja alikuwa na sikio moja, nalo lilikuwa katikati ya kifua, lenye mikunjo kama tundu la kufuli. Mbele yao alisimama Jemadari Mwinchande, mwanamume mrefu mwenye macho ya mtu aliyezaliwa asubuhi ile na kuchoka asubuhi ile ile.

Niliweka kiganja kwenye sikio lake, nikasema kwa sauti ya Riziki, "Mimi naumia! Leteni moto!"

"Wapi?"

"Ukutani, kwenye pindo la tatu."

Akainuka, na alipoinuka alilirudia neno kwa sauti yake. Waliolisikia nao wakainuka, na kila aliyeinuka alilirudia. Hivyo ndivyo neno lile lilivyoumbwa: halipokelewi bila kutolewa tena. Mienge ikawaka. Walipita kando yangu kama mafuriko, na upepo wa kupita kwao ukaniunguza nyusi.

Kile kiumbe kilikufa kwa mwenge wa kwanza. Nilikiona kikifa. Naapa, kama ningekuwa kizimbani ningeapa. Shauri lile lilimalizika pale pale.

Lakini mienge iliendelea kuja.

Wajumbe wengine, ambao sikuwa nimewaona kabla, walilichukua neno kwa askari wakalipeleka kambi ya pili, na wa pili wakalipeleka ya tatu. Moto ulilamba miguu ya watu wa ukuta. Walioungua vidole waliachia. Kila walipoachia, wawili watatu wa Umati walianguka ndani, wakishangaa. Kila walipoanguka mgongo mwingine ulipiga ukelele, na kila ukelele ulikuwa na mjumbe wake. Damu ikaanza kutiririka kwenye mapindo. Nikakumbuka hesabu niliyompa daktari asubuhi, kumi na nne, nikaelewa kila moja ilikuwa nini.

Nilimkamata mjumbe mmoja mkono, mzee aliyekuwa akihema kwa mbio.

"Umetumwa na nani?"

"Na aliyenituma."

"Nani? Mtaje jina!"

Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe? Nilikusikia kambini, unasema unaumia."

Akajichopoa, akakimbia.

Nani alisema kwanza?

Riziki alisema. Riziki alisema mara moja.

Mimi nikasema. Mimi nilisema kwa niaba.

Kwa niaba ya nani sasa?

Nimeona mahakamani ushahidi wa kusikia kwa mwingine ukitupwa nje kwa sababu mnyororo wake hauna mwanzo. Hapa mnyororo haukuwa na mwanzo, na mji mzima ulikuwa unahukumiwa kwa ushahidi huo. Hofu iliponijia ilikuwa ya namna hii: labda amri kubwa zote za dunia ni hivi. Labda hakuna mtu mwovu aliyeketi juu na kusema choma. Kuna maumivu ya kweli ya mtu mmoja, yakasemwa kwa haki, yakapata wajumbe hodari, na wajumbe wakasahau kuuliza kama mwenye maumivu bado anasema.

Nilirudi mbio kwa Riziki. Alikuwa amesimama bado, lakini mgongo wake ulikuwa umebabuka, na kiganja changu kilipougusa nilisikia kwa mbali, kama redio yenye betri zilizokwisha.

"Sijaita," alisema. "Mjumbe, waambie sijaita tena. Naungua kwa neno langu mwenyewe."

"Nitawaambia nini? Hawana sikio la neno lingine."

"Wanalo. Ni lile lile, limezibwa na masizi. Mtafute Bi Siwema, mwenye neno hilo, nyuma ya kambi. Fanya upesi. Nikiachia kabla mwenzangu hajapanda, pindo hili lote litatoboka."

*

Bi Siwema alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye hasira ya mtu aliyeonya na asisikilizwe. Nilimkuta kwenye kibanda amekaa juu ya kigoda, akitafuna kipande cha mkate kikavu kana kwamba anakiadhibu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa. Tulikuwa arobaini humu, nimebaki mimi."

"Wenzako wamekwenda wapi?"

"Walikufa siku zao zilipofika, kama kila mtu. Kilichokosekana ni wa kuwarithi. Neno letu halifundishwi kwa maneno, mwanangu. Linaingia kwa mkate, huu huu wa Umati. Mwinchande akaupiga marufuku. Alisema chakula cha adui kinalegeza mikono ya askari." Akatema ganda. "Akasema kweli! Kinalegeza. Ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo neno la amani linatoka kwao? Kwa hao tunaowachoma?"

"Ulidhani litoke wapi? Anayejua jirani si adui ni nani zaidi ya aliyekula kwake?"

Ardhi ilipanda na kushuka kwa kasi. Mahali fulani juu, mbali sana, nilisikia sauti ya kike ikisema, *Homa arobaini sasa, muite daktari*, na mtu akaweka kitambaa chenye maji kwenye paji la uso lililokuwa langu. Sikuwa na nafasi ya kulijali.

"Kwa nini hukwenda kusema mwenyewe?"

"Nimesema mpaka koo limenikauka. Sauti moja haiishindi mbiu ya elfu kumi. Isitoshe, neno hili halitangazwi. Linawekwa sikioni kwa mmoja, na huyo mmoja lazima akubali."

"Akubali nini?"

Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki chini yake kilinitisha zaidi. "Utamsikia Mwinchande mwenyewe akikwambia."

Akanimegea mkate. Niliutazama. Miaka kumi na tisa nimebeba maneno ya watu bila kula chochote chao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yangu: nimesema mauaji lakini sikuua, nimesema msamaha lakini sikusamehe. Nilijua nikiumeza mkate huu nitakuwa nimeingia kwenye shauri, na wala si mkalimani tena.

Nikaumeza. Ulikuwa mchachu kama togwa ya siku mbili, na nyuma ya uchachu palikuwa na utamu ulionijaza machozi. Kiganja changu cha kushoto kikapata joto. Nililisoma neno lililoandikwa pale. Nilikuwa nimetarajia "tulia", lakini tulia ni amri, na mji ule ulikuwa umeshiba amri. Neno lilikuwa "yatosha".

*

Nilipotoka, anga lilikuwa limefunguka. Wageni walikuwa wakishuka kimya, tone kwa tone, weupe, bila nyuso. Walikuwa na mikono tu, miwili iliyopanuka kama panda ya manati. Hawakugusa askari wala ukuta. Walikuwa wakiwatafuta wajumbe. Kila mjumbe aliyekuwa na neno la moto kiganjani, panda ilimbana mkono, ikafumba vidole vyake, na mjumbe akabaki amesimama na neno lake limefungwa, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Mmoja akanijia. Sikukimbia, kwa maana nilijua ameletwa na dripu yangu. Akauinua mkono wangu wa kulia, ambao neno la Riziki lilikuwa bado linafuka moshi ndani yake. Panda ikabana. Maumivu yalifika kwenye meno. Vidole vikafumba, vikafa ganzi. Halafu akaugeukia wa kushoto.

Yatosha, nilisema moyoni. Usilichukue hili. Hili si lile.

Aliushika mkono wa kushoto kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kusimulia. Akauachia. Akapita.

Kimya kikatanda bondeni, kimya ambacho mji ule haukuwahi kukisikia. Mienge ilikuwa bado inawaka, lakini hakuna aliyesema. Katikati ya kimya hicho alisimama Jemadari Mwinchande, masizi mpaka kifuani, akipumua kwa nguvu.

"Nani amewafunga wajumbe wangu?"

"Waliotoka nje," nilisema.

"Basi vita vimekuwa viwili. Sihitaji wajumbe. Nitaita mwenyewe."

Akajaza kifua pumzi. Nikasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuunguzwa na mwenge wake.

"Jemadari, yule aliyeingia amekufa zamani."

"Najua," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Najua," akarudia, kwa sauti ya chini. "Nilimuua mimi, kabla mwenge wa pili haujafika. Unadhani sioni? Naona ukuta unavyoanguka. Naona tunawachoma wale tuliotumwa kuwalinda."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna aliyeniambia basi. Na kwa sababu najua neno hilo likija linakuja na nini." Akainama, macho yake yakawa sawa na yangu. "Askari wa moto harudi kambini, mama. Kambi hairudiwi. Akishaliacha lile neno, anaketi, anafumba macho, na wafagiaji wa mji wanakuja kumbeba. Tuliumbwa hivyo. Ninapowaka, nipo. Umekuja kuniomba nife."

Hakimu hutoa hukumu. Mimi huifasiri tu.

Sijawahi kumtazama mtu anayehukumiwa.

Nimesema "unyongwe" kwa sauti ya mwingine nikaenda kula chakula cha mchana.

Huyu ni wangu. Huyu amewaka kwa ajili yangu. Hakukosea mlango, alikosa wa kumwambia basi.

"Ndiyo," nilisema. "Nimekuja kukuomba hilo. Siombi kwa niaba ya mtu. Naomba mimi, Sikudhani."

Nilichukua pindo la gauni la hospitali nililokuwa nimevaa, nikaanza kumfuta masizi kifuani. Yalikuwa mazito kama lami. Nilifuta kwa mkono mmoja, maana wa kulia ulikuwa umekufa. Alivumilia kama mtoto anayeoshwa. Sikio likaanza kuonekana, mkunjo kwa mkunjo. Nikaweka kiganja cha kushoto.

"Yatosha," nilimwambia. "Umefanya kazi yako. Yatosha."

Nilihisi neno likiingia na kugeuka ndani yake, kama ufunguo unavyogeuka kwenye kufuli iliyotiwa mafuta baada ya miaka.

Mwenge wake ukashuka. Akasema kitu kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia katika mahakama yoyote, nami nikaielewa. Akaniashiria askari wake. "Wafasirie."

Nikawageukia wale maelfu.

"Mimi, Mwinchande, nimelisikia," nilisema. "Mimi nimewaita, na mimi ndiye ninayewaambia yatosha. Mwenye mwenge auinamishe. Mwenye sikio amfute mwenzake."

Kisha askari mmoja wa mstari wa mbele alilamba kidole gumba, akamfuta aliyekuwa kando yake. Neno likatoka sikio kwenda sikio, bila kelele. Mienge ilianza kuzimika kwa makundi, kama taa za mji umeme unapokatwa mtaa baada ya mtaa. Waliosikia waliketi. Wafagiaji wakatoka vichochoroni, wakubwa, wapole, wakaanza kuwabeba mmoja mmoja bila kumburuta hata mmoja.

Mwinchande naye aliketi. Akaegemeza kichwa chake mapajani pangu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri.

"Ukuta bado upo?"

Niliinua macho. Pindo la tatu lilikuwa na matundu. Mahali pa Riziki palikuwa patupu. Lakini kutoka shimoni, chini kabisa, mikono midogo yenye unyevunyevu ilikuwa imeshika ukingo na mtu alikuwa akijivuta juu, hajui aliyemtangulia ni nani, anatafuta tu vidole vya kushika.

"Upo," nilisema.

"Umezibika?"

Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuongeza neno ambalo halikusemwa. "Umezibika, Jemadari," nilimwambia, na nilikaa naye mpaka wafagiaji walipofika, nikawasaidia kumwinua.

*

Saa nne asubuhi Daktari Mbaruku alisimama miguuni pa kitanda. Nyuma yake muuguzi alisoma: homa thelathini na saba nukta mbili, kipimo cha uvimbe kwenye damu kimeshuka zaidi ya nusu, chooni mara tatu, damu kidogo mara moja. Daktari akalichukua faili akasoma mwenyewe, halafu akanibonyeza tumbo kwa vidole taratibu, huku akinitazama uso.

"Chumba cha upasuaji nitawaambia wampeleke mwingine," alisema. "Hatujamaliza, Bi Sikudhani. Hii inaweza kurudi, na dripu bado zipo mbili. Lakini leo hatukati."

Nilikuwa ninalia, na si kilio cha furaha, na daktari yule alikuwa ameona vilio vingi kiasi cha kutofautisha.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu amefariki."

Akageuka akaangalia vitanda. Muuguzi akatikisa kichwa. "Wodi hii hajafariki mtu wiki nzima, Daktari."

"Amefariki," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Nilidhani ataandika kitu kwenye faili, au ataniambia homa huleta mambo. Alivuta kile kiti, akaketi, akakaa kimya kama tunavyokaa msibani tunapokuwa hatumjui marehemu lakini tunamjua aliyefiwa. Nje ya dirisha mfanyakazi alikuwa akianua mashuka, na mtu fulani alikuwa akigawa uji kwenye vikombe vya bati.

"Pole sana," alisema.

Kwa lugha yetu neno hilo lina jibu lake, na kila mtu hulijibu bila kufikiri. Mimi nililifikiri. Niliweka kiganja changu cha kushoto tumboni, juu ya ngozi, nikasikiliza mpaka nikawa na hakika kwamba sisemi kwa niaba ya mtu yeyote.

"Napoa," nilimjibu.